Jinsi ya kuomba ruzuku ya utafiti wa tiba ya soka na dawa za kusisimua misuli ukiwa Malindi

Mwongozo huu nimewaandikia tabibu wa zahanati kule Ganda, fizio anayefunga vifundo vya miguu pembezoni mwa Uwanja wa Alaskan, mfamasia wa mjini, mwalimu wa michezo wa Gede na mwanafunzi wa uzamili wa Chuo Kikuu cha Pwani ambaye bado hajapata mada. Pesa za utafiti wa afya ya wachezaji zipo, na si lazima uwe profesa ndipo uzifikie. Kinachowaangusha wengi ni mpangilio: mtu husikia kuna dola mahali, kisha ndipo aanze kutafuta swali la kuzifuata. Mkaguzi anayepitia maombi hulitambua hilo kabla hajafungua ukurasa wa pili. Anza na swali, tena swali ambalo mtu wa Oslo au Doha hawezi kulijibu bila wewe.

Hatua ya 1: Tafuta swali lililo lako

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko hatua nyingine yoyote, kwa hivyo nami nitakaa.

Chukua muguka, majani ya kutafuna ya jamii ya miraa. Mwezi wa Mei 2024 magavana wa Mombasa na Kilifi walipiga marufuku uuzaji wake, mahakama ikasimamisha marufuku hiyo, na mjadala mzima ukawa wa biashara, ushuru na vijana kuharibika. Karibu hakuna aliyeuliza kuhusu mpira. Majani ya muguka na miraa yana kathinoni, ambayo hugeuka kuwa kathini majani yanapokauka. Zote mbili zimo katika orodha ya dawa zilizopigwa marufuku ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa za kusisimua misuli, kundi la vichangamshi, wakati wa mashindano. Kathini ina kiwango maalumu: ikizidi maikrogramu 5 kwa mililita ya mkojo, umeingia matatani. Na kipindi cha mashindano hakianzi refa anapopuliza kipenga. Kwa kanuni za WADA huanza saa 5:59 usiku wa kuamkia mechi. Basi kijana wa Maweni anayetafuna na wenzake usiku wa Ijumaa, kisha Jumamosi anaitwa kuchezea timu ya ligi ya juu, yuko hatarini bila kujijua. Wachezaji wa Malindi wanatafuna kwa kiasi gani, kwa sababu gani, na wangapi wanajua kwamba hilo linahusiana na dawa za kusisimua misuli? Swali kama hilo linaweza kufadhiliwa.

Swali la pili liko kwenye duka la dawa. Watafiti wa FIFA waliofuatilia dawa zilizoandikwa na madaktari wa timu katika Kombe la Dunia la 2010 waligundua kwamba zaidi ya nusu ya wachezaji walitumia dawa za kutuliza maumivu angalau mara moja. Hao wana madaktari. Mchezaji wa ligi ya mtaani anajinunulia diklofenaki mwenyewe, wakati mwingine tramadoli, na tramadoli imepigwa marufuku wakati wa mashindano tangu tarehe 1 Januari 2024. Mfamasia aliyeko kaunta anajua hilo? Ongeza hapo unga wa kujenga mwili unaouzwa kwenye jimu. Utafiti wa maabara ya Cologne ulipima virutubisho 634 kutoka nchi 13, na 94 kati yake, karibu asilimia 15, vilikuwa na homoni ambazo hazikutajwa kwenye kibandiko.

Kwa upande wa tiba kuna magoti ya wasichana. Mazoezi ya kupasha mwili ya 11+, yaliyotoka kwenye kituo cha utafiti wa tiba cha FIFA, huchukua dakika 20 hivi na hayahitaji vifaa. Yalipojaribiwa Norway kwa wasichana 1,892 wa miaka 13 hadi 17, majeraha kwa jumla yalipungua kwa takriban theluthi. Norway, lakini, kuna viwanja vya nyasi na makocha waliosomea. Je, yanafanya kazi Muyeye kwenye mchanga, kwa wachezaji wasio na viatu, chini ya kocha anayejitolea? Kaunti ya Kilifi ina bahati hapa: shirika la Moving the Goalposts limekuwa likiwachezesha wasichana tangu 2001, kwa hivyo huanzi kutafuta timu moja moja.

Na kuna joto. FIFA hupendekeza mapumziko ya kupoza mwili pale kipimo kinachojumlisha joto, unyevu na jua kinapozidi nyuzi 32. Mechi za saa kumi jioni msimu wa kaskazi, na mashindano ya Ramadhani ambapo watu hucheza wakiwa wamefunga, ni maabara ambayo Ulaya haina.

Chagua moja. Andiko linalotaka kuchunguza muguka, magoti na joto kwa pamoja halimfikii yeyote.

Hatua ya 2: Lilinganishe swali na mfadhili

WADA, yenye makao yake Montreal, ina milango miwili, na watu hugonga ule usio wao. Mlango wa sayansi ya maabara unahusu mbinu za kugundua dawa mwilini: mashine, kemia, damu, mkojo. Mlango wa sayansi ya jamii unahusu tabia, elimu, maarifa na mitazamo. Swali la muguka na la kaunta ya dawa yanaingia mlango wa pili, na huko mtu wa Malindi hashindani na maabara za mamilioni. Magoti na joto hayaingii kokote WADA, hata uyapambe vipi.

Partnership for Clean Competition ni mfuko wa Kimarekani ulioanzishwa 2008 na kamati ya Olimpiki ya nchi hiyo, wakala wake wa kupambana na dawa hizi, USADA, na ligi za mpira wa Kimarekani (NFL) na besiboli (MLB). Unaelemea maabara. Ukiwa na mkemia mwenza mwenye wazo la kupima kathini kwa njia rahisi, uutazame, vinginevyo upite.

UNESCO ina mfuko wa kupambana na dawa za kusisimua misuli unaotokana na Mkataba wa Kimataifa wa 2005. Maombi yake hupitia serikali, na unapenda elimu na sera kuliko utafiti mtupu. Mradi wa kuwafundisha makocha na wafamasia wa Kilifi, wenye tathmini ndani yake, unafaa, mradi uwe umeketi kwanza na ADAK, wakala wa taifa ulioundwa kwa sheria ya 2016. Wakati ni mzuri: mwaka 2022, Kenya ilipokaribia kufungiwa katika riadha, serikali iliahidi dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka mitano kwa vita hivi. Macho yote yako kwa wakimbiaji wa Iten. Mtu anayeuliza kuhusu mpira wa pwani anajaza pengo linaloonekana.

UEFA hufadhili utafiti wa tiba ya soka, na utafiti wake wa majeraha katika vilabu vikubwa umeendelea tangu 2001. Ila ni shirikisho la vyama 55 vya Ulaya. Kwako njia ni mshirika aliyeko huko, nitakayemrudia.

Nyumbani kuna Mfuko wa Taifa wa Utafiti, NRF, uliotokana na sheria ya 2013. Sheria hiyo ilitaja asilimia 2 ya pato la taifa kwa utafiti; tungekuwa tunaipata, ningekuwa naandika mwongozo mwingine kabisa. Hata hivyo, mwito wa NRF ukitoka, magoti na joto yanaweza kupata nafasi yakielezwa kama afya ya vijana. Na Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, ambalo Kenya inaliandaa pamoja na Tanzania na Uganda, linakupa hoja kwamba nchi inahitaji watu wanaojua tiba ya michezo.

Kabla ya kuandika neno moja, soma mwito mzima: nani anaruhusiwa, kiasi cha juu, muda wa mradi, gharama zisizolipwa. Kisha soma orodha ya miradi iliyopata pesa miaka iliyopita. WADA huichapisha kwenye tovuti yake, na saa moja ya kuisoma inafundisha kuliko semina ya siku mbili hotelini.

Hatua ya 3: Pata taasisi, kisha timu

Wafadhili wakubwa hulipa taasisi. Hawatumi pesa kwa M-Pesa ya mtu. Kwa mtu wa Malindi, Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, mwendo wa matatu moja tu. Kilifi pia kuna kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI-Wellcome, kilichoanza 1989, chenye watu waliozoea takwimu, maadili na wafadhili. Usiende mikono mitupu. Andika ukurasa mmoja: swali, kwa nini hapa, utafanya nini, unahitaji nini kwao. Ofisi ya utafiti ya chuo ikikuambia rudi wiki ijayo, rudi kweli.

Timu ndogo inatosha: mtafiti mkuu mwenye shahada inayokubalika na aliyewahi kuchapisha, mtu wa takwimu, mtu wa tiba, na mtu anayejulikana viwanjani. Huyo wa mwisho wengi humwacha nje ya karatasi halafu humtumia kila siku. Mtaje, na umlipe.

Kuhusu mshirika wa ng'ambo: anaweza kukufungulia UEFA na kukufundisha mengi. Lakini kabla hamjaanza, mkubaliane kwa maandishi nani anamiliki data, nani jina lake linatangulia kwenye makala, na ni sehemu gani ya bajeti inabaki Kilifi. Akisema hayo tutayazungumza baadaye, mtafute mwingine. Pwani imeshasafirisha sampuli za kutosha kwa watu waliorudi na makala yasiyo na jina la mtu wa huku.

Hatua ya 4: Piga hesabu kabla ya kuahidi

Mkaguzi huanza kuamini anapoona nambari zinazosimama.

Kwa majeraha, dunia ya soka huhesabu kwa kila saa 1,000 za kucheza, kufuatana na makubaliano ya wataalamu ya 2006. Mechi moja ya dakika 90 ni wachezaji 11 mara saa 1.5, yaani saa 16.5 kwa kila timu. Tuseme ligi yako ina timu 12 na kila moja inacheza mechi 22. Hiyo ni 12 × 22 × 16.5, sawa na saa 4,356. Katika vilabu vikubwa vya Ulaya kumewahi kuripotiwa majeraha 27.5 kwa saa 1,000 za mechi. Wewe kadiria 20 ili usijidanganye. Utapata majeraha 87 hivi kwa msimu. Yanatosha kueleza hali ilivyo na kutazama sababu zenye nguvu. Hayatoshi kuthibitisha kwamba zoezi fulani linapunguza hatari kidogo. Kwa kazi hiyo wataalamu wa takwimu hutaka majeraha kama 200. Basi ombi la kwanza liwe la kueleza hali, na la pili liwe la kujaribu tiba. Kusema hivyo waziwazi kwenye andiko hakukushushi.

Kwa dodoso, fomula ya kawaida hutoa watu 384 ukitaka makosa yasizidi asilimia 5. Ligi yenye wachezaji 300 tu, ukirekebisha kwa udogo wa idadi, inahitaji kama 169.

Tatizo la dodoso la dawa ni kwamba watu hawasemi kweli, na nani atawalaumu? WADA yenyewe ilifadhili utafiti katika mashindano ya dunia ya riadha ya Daegu na michezo ya Kiarabu ya Doha, yote ya 2011, uliotumia mbinu ya kumficha anayejibu. Makadirio yakawa asilimia 43.6 na 57.1, wakati vipimo vya kawaida hunasa asilimia moja au mbili. Mbinu rahisi ya aina hiyo ni sarafu. Mchezaji anairusha mahali usipoona. Ikiangukia kichwa, anajibu "ndiyo" bila kujali swali. Ikiangukia upande mwingine, anasema ukweli. Wachezaji 200 wakijibu na 120 wakasema ndiyo, unajua 100 hivi walilazimishwa na sarafu. Waliobaki ni 20 kati ya 100, yaani asilimia 20. Hakuna mtu hata mmoja uliyemfichua, lakini umelipia usiri huo: makosa ya makadirio huongezeka, kwa hivyo 169 hawatoshi tena. Panua eneo hadi Watamu, Mambrui na mji wa Kilifi.

Mkojo uuache katika mradi wa kwanza. Maabara zilizoidhinishwa na WADA ni takriban 30 tu duniani, gharama ni kubwa, na kusafirisha sampuli za binadamu nje ya nchi ni makaratasi ya peke yake.

Kisha kusanya kidogo kabla ya kuomba kingi. Jaribu dodoso lako kwa timu mbili, baada ya kupata kibali cha maadili cha jaribio hilo. Ukurasa wa takwimu za awali hujibu swali ambalo kila mkaguzi analo: watu hawa wataweza kweli?

Hatua ya 5: Vibali

Utaratibu ni huu, na usiugeuze: kamati ya maadili ya utafiti kwanza, NACOSTI (tume ya taifa inayotoa leseni za utafiti) baadaye, kisha kaunti, kisha tawi la FKF, yaani Shirikisho la Soka Kenya, na viongozi wa timu. Kamati itataka itifaki kamili, fomu za ridhaa kwa Kiswahili na Kiingereza, na wasifu wa watafiti. Huko ng'ambo mfadhili hatatoa pesa kabla ya kibali, na kamati ina ratiba yake ya vikao. Tuma mapema.

Mambo mawili huzirudisha fomu. La kwanza ni wachezaji walio chini ya miaka 18: mzazi anatoa ridhaa, na mtoto naye anakubali kwa kinywa chake. La pili ni usiri. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, habari za afya ni data nyeti. Mchezaji akikuambia anavuta bangi, ambayo ni kosa kisheria, au anachomwa sindano za homoni, karatasi hiyo inakaa wapi, nani ana ufunguo, na itateketezwa lini? Eleza pia kwamba utafiti wako si upimaji wa ADAK na hakuna jina litakalopelekwa popote.

Ridhaa iandike kwa Kiswahili kinachozungumzwa na wazazi wa Barani. Isiwe Kiingereza kilichovalishwa kanzu. Mfano:

"Shikamoo mzee. Sisi ni watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Pwani. Tunataka kujua wachezaji huumia vipi na hutumia dawa gani. Tunaomba ruhusa yako tumuulize Athumani maswali kwa muda wa nusu saa. Jina lake hatutaliandika. Akitaka kuacha katikati, ataacha, na hakuna atakayemtoa kwenye timu kwa sababu hiyo. Una swali lolote?"

Sentensi ile ya timu usiiondoe. Kocha akiwa ndiye anayekusanya fomu, mchezaji hana uhuru wa kukataa. Mtumie mtu mwingine.

Hatua ya 6: Bajeti

Andika bajeti kutoka chini kwenda juu. Ligi ile ya timu 12 ina mechi 132. Ukiweka waweka rekodi wawili kila mechi, mmoja kwa kila timu, kwa shilingi 500 kila mmoja, tayari ni shilingi 132,000 kabla ya nauli. Ongeza boda hadi viwanja vya mbali, bando za simu za kutuma fomu, mafunzo ya siku mbili, ada za kamati na kibali, kazi ya mtakwimu, na asilimia inayochukuliwa na chuo. Iulize ofisi ya fedha kuhusu asilimia hiyo mapema, kwa sababu mfadhili huwa na kikomo chake na pengo likitokea ni lako.

Kila mstari uupe sababu. Kompyuta ya nne kwa timu ya watu watatu itaonekana. Usijinyime pia: bajeti ya chini mno humwambia mkaguzi kwamba hujawahi kuifanya kazi hii. Kwa kuwa ruzuku huja kwa dola na unalipa kwa shilingi, tumia kiwango cha kubadilisha cha chini kidogo kuliko cha leo.

Hatua ya 7: Andika

Lugha itakuwa Kiingereza, lakini wazo lifikirie kwa Kiswahili kwanza. Ukishindwa kumweleza kocha wa Ngala kwa dakika mbili utafanya nini, andiko bado halijaiva.

Muhtasari uandike mwisho na uusome mara nyingi kuliko sehemu zote, maana wakaguzi wengine hawatavuka hapo. Aya ya kwanza itaje tatizo na namba. Ya pili, kile ambacho bado hakijulikani. Ya tatu, utafanya nini, wapi, kwa nani, kwa muda gani. Ya nne, nani atanufaika: ADAK ibadilishe somo lake, wafamasia wapate orodha ya kubandika kaunta, FKF ibadilishe saa za mechi. Mfadhili wa sayansi ya jamii hupima sana matumizi hayo. Barua ya ADAK au ya tawi la FKF inayosema "tutayatumia matokeo" ina uzito kuliko kurasa tano za nadharia. Ombeni barua hizo mwezi mzima kabla ya tarehe ya mwisho, mkiwapelekea rasimu ya kusahihisha.

Mpe andiko mtu asiyekupenda sana alisome. Lipakie siku mbili kabla ya mwisho. Tarehe ya mwisho ya Montreal ni ya saa za Montreal, lakini umeme wa Malindi una ratiba yake.

Hatua ya 8: Jibu likija

Ukikataliwa, omba maoni ya wakaguzi kama hayakuambatanishwa, yajibu moja baada ya jingine kwenye karatasi, na upeleke tena mzunguko unaofuata au kwa mfadhili mwingine. Maoni yakisema eneo ni dogo mno, hilo linatibika. Yakisema swali halina uhusiano na malengo ya mfuko, ulibisha hodi pasipo pako. Rudi hatua ya 2.

Ukikubaliwa, soma mkataba kabla ya kusherehekea. Angalia awamu za malipo, tarehe za ripoti, na kifungu cha uchapishaji. Fungua na taasisi akaunti ndogo ya mradi, tunza kila risiti, hata ya boda iliyoandikwa kwa mkono na kutiwa sahihi, na mwarifu mfadhili mara moja ligi ikiahirishwa. Ligi zetu huahirishwa, na wafadhili wengi hukubali kuongeza miezi ukiwaandikia kabla muda haujaisha.